Mstari Safi Kwenye Shati Lako

Mpendwa Baba Halima,

Jana niliona jambo ambalo limekaa sandukuni mwangu tangu ulipozikwa, nami nisilione.

Unakumbuka miaka ile ya shifta, wale waasi waliovizia magari njiani, ulipokuwa dereva wa ofisi ya mifugo hapa Garissa? Gari dogo la mkubwa wako lilikuja na mikanda, kitu kigeni kwetu, naye akaamuru kila mtu ajifunge. Wewe wako uliupitisha nyuma ya mgongo ukaubana kiunoni, ili akikutupia jicho aone umefungwa. "Shifta akibiga risasi nitaruka aje, nimefungwa kama mbusi?" uliniuliza. Mkubwa ulimweza, mimi hukuniweza. Mfuaji wa shati ni mimi. Vumbi la njia ya Masalani lilikujaa kifua kizima, na aliyejifunga sawasawa hurudi na mstari safi pale mkanda ulipopita. Nilikugombeza kila nikiloweka nguo, nawe ukacheka. "Bolebole, Mama Halima. Gari yangu haikimbii." Na kweli haikukimbia. Majirani walikutania kwamba hata punda wanakupita.

Kisha gari likapinduka. Hapakuwa na shifta wala risasi, ni kona na mchanga tu. Mkubwa wako alitoka mzima. Alikuja kutupa pole, akanywa chai yangu, akasema mbele ya wazee, "Mama, mumeo alikuwa anakimbiza gari sana. Nilimkanya." Nilipigwa na butwaa, lakini ningebishana vipi na mtu aliyekuwemo? Waliokuosha walinikabidhi shati lako, na kifuani palikuwa na mstari safi. Nikalia, nikasema alau siku ya mwisho ulinisikia. Shati hilo sikulifua. Watoto wetu wamekua wakiambiwa baba yao alijiua kwa mwendo.

Jana mjukuu wako, mtoto wa Halima, alikuwa ananipeleka hospitali kwa gari lake. Nilikaa mbele, kando yake. "Ayeeyo, mkanda," akasema, akauvuta ukapita juu ya bega langu la kushoto. Nikamtazama yeye aliyeshika usukani. Wake umepita bega la kulia. Nikamwambia ageuze gari turudi nyumbani. Alidhani nimezidiwa.

Nilifungua sanduku, nikalivaa shati lako juu ya dira langu. Mstari unaanzia bega la kushoto.

Hukuwa unaendesha wewe. Nilikaa sakafuni, nikashindwa hata kulia. Mtu aliketi nyumbani kwangu, maiti yako haijapoa, akakutwika kosa lake na mimi nikamwongezea sukari. Na wewe, uliyekataa kufungwa kwa kuhofia risasi, uliufunga mkanda sawasawa siku aliyokupokonya usukani. Ulimwogopa, Baba Halima. Ulijua anavyoendesha, na hukuweza kumkatalia mkubwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Jioni hii niliwaita watoto wote, nikalitandaza shati mezani, nikawaonyesha bega. Halima akaupitisha mkono juu ya mstari ule, taratibu, kama anayekufunga yeye mwenyewe.

"Bolebole," akasema.

Basi lala, dereva wangu. Wanao wameshajua.

Mkeo,
Mama Halima