Spika Ipi Itamrudisha Mke Wangu Kwenye Kochi?

Mshauri wetu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea tu salamu, nimekwama na sina wa kumwambia. Mimi ni seremala, nina karakana yangu ya msumeno wa umeme na randa ya mashine, mwaka wa kumi na tisa sasa, na mke wangu anasimamia kinu cha kusaga unga, naye ana miaka mingi pale. Jioni zetu zilikuwa za namna moja, tukishakula yeye anakaa kwenye kochi, mimi kwenye kiti changu, tunatazama habari na tamthilia yake, halafu tunazima TV tunasikiliza muziki wa zamani, na hapo ndipo tunapoongea mambo ya nyumba na ya watoto wetu waliohama.

Sasa ile TV ikaanza kunitesa, nasikia watu wanaongea lakini maneno yanapotea, hasa wanawake na watoto, wanasikika kama wana kitu mdomoni, nikasema hizi TV nyembamba spika zake ziko mgongoni, zinaongea na ukuta, nikanunua sabufa yenye taa za rangi, mdundo ukatikisa vikombe lakini maneno yakabaki mafumbo yaleyale, nikaiuza nikachukua ile spika ndefu ya kulaza chini ya TV, ikawa nafuu siku mbili, kisha kwa kuwa nyaya zinazoning'inia zinaniudhi nikaitengenezea kabati zuri la milango ya vioo nikaifungia humo, ndiyo mambo yakaharibika kabisa, nikawa napandisha sauti kila siku.

Mke wangu kila mara, "Baba watoto, punguza, kichwa kinaniuma." Jumapili moja walikuja kaka zangu wawili na wake zao, akaniambia punguza mbele yao, na mimi, sijui ilikuwa shetani gani, nikasema, "Msimjali huyu, masikio aliyaacha kinuni, siku hizi hajui kubwa ni ipi na ndogo ni ipi." Wakacheka mpaka kaka mkubwa akajifuta machozi, na mke wangu naye akacheka, akainuka kukusanya vikombe.

Kesho yake baada ya kula akajitanda mtandio, akasema anakwenda kutazama tamthilia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Leo wiki ya tano. Hanuni, salamu zipo, chakula kipo, lakini nikimuuliza mbona hakai nyumbani anasema, "Kule natazama kwa raha." Naumia sana, mshauri, nakaa na hiyo tamthilia peke yangu wala sijui nani ni nani. Nimekusanya fedha kidogo, si za kutamba. Fundi redio wa mtaani ana amplifaya ndogo na spika mbili za mtumba, na dukani kuna seti mpya ya spika tano inayolingana nayo kwa bei. Nichukue ipi ili mke wangu arudi?

Seremala mwenye sebule kimya

JIBU

Fundi, nakujibu swali la spika kwanza, maana wewe unaonekana mtu wa kutaka jibu lako kabla ya mengine.

Chukua amplifaya na spika mbili. Ukigawa bei hiyohiyo kwa spika tano, kila moja itakuwa ya hovyo, na sebule yenu itajaa hizo nyaya unazozichukia. Kabla hujalipa, angalia nyuma ya TV yako kuna tundu gani la kutolea sauti, kisha mwambie fundi redio aunganishe usikilize palepale. Usijaribu kwa mdundo, mdundo kila spika inaujua. Jaribu kwa mtangazaji wa habari, sauti ikiwa chini. Nyumbani weka moja kila upande wa TV, usawa wa masikio ya mtu aliyekaa, ziangalie kochi, zisibanwe kwenye kona. Na hilo kabati lako, pole, weka sahani. Jamani, umeifungia spika ndani ya vioo halafu unailaumu kwamba haisemi!

Haya. Sasa tuje kwenye kilichonifanya niisome barua yako mara mbili, maana sikupaki mafuta kwa mgongo wa chupa.

Anayepandisha sauti ni nani? Wewe. Anayepotelewa na maneno ya wanawake na watoto ni nani? Wewe huyohuyo. Mkeo anasikia kila kitu, mpaka kichwa kinamuuma. Umesimama miaka kumi na tisa mbele ya msumeno wa umeme, ukaenda kutafuta masikio mabovu kwenye kinu cha mwenzio! Mimi si daktari, ila wiki hii nenda ukapimwe masikio, na umwambie daktari kazi unayofanya. Kisha nunueni vizibo vya masikio, vyako vya karakana na vyake vya kinuni, maana mashine haina huruma na mtu.

Najua hili linatisha. Mtu mzima kuambiwa masikio yamepungua si jambo dogo, na nadhani moyoni ulishaanza kuhisi, ndiyo maana ukahangaika na sabufa. Nakuhurumia kweli. Lakini woga wako ukamtwisha mkeo, tena mbele za watu. Unaniandikia kwamba naye alicheka. Alicheka kwa sababu kulikuwa na wageni, fundi. Mwanamke anasaga unga wa watu kutwa nzima, anarudi anataka saa mbili za utulivu na mumewe, anafanywa kichekesho sebuleni kwake. Hata mimi ningehamia kwa dada.

Kwa hiyo usije ukamnong'oneza samahani jikoni ukadhani umemaliza. Majibu ya daktari yawe yoyote yale, waalike kaka zako walewale na wake zao, TV ikiwa imezimwa, useme wote wakisikia: "Siku ile nilimsema mke wangu vibaya. Anayepandisha sauti humu ndani ni mimi." Usiongeze utani hapo. Usieleze habari za kabati. Wageni wakiondoka, mwombe akusindikize kwa fundi redio, yeye ndiye akae asikilize, yeye ndiye aseme hizi zinafaa. Akikataa, usinunue kitu. Subiri siku chache, umwombe tena.