Da Saada, Mashine Yako ya Dirishani Haijazimwa

Da Saada,

Shikamoo. Najua mtu hamwamkii aliyekwisha kwenda, lakini miaka yote niliyofanya kazi kwako sikuwahi kuingia studio bila kukuamkia. Hata sasa nikifungua ule mlango wa Tandika mdomo unaanza wenyewe, halafu ndiyo nakumbuka. Leo nimeona bora salamu niimalize, na mengine yaliyo nyuma yake niyaseme.

Mama yako hajambo. Wiki za mwanzo chakula kilikuwa hakipiti, sasa kinapita. Baada ya arobaini yako alinikabidhi funguo za studio mbele ya kaka zako, akasema, "Saada alimfundisha Mwanaidi, nyie hakuwafundisha." Kaka zako wakacheka. Mie nililia mpaka nikaaibika.

Kazi ni ileile. Nachukua video za harusi za kinamama tu, kama ulivyotaka: singo ya kumsugua bibi harusi, usiku wa hina, kupamba. Mwanamume bado havuki lile pazia. Na mwanzoni wateja hawakupungua, maana walisema mkono wangu ni mkono wako.

Lakini hasa nataka nikueleze yaliyoipata ile kompyuta ya dirishani.

Unakumbuka siku uliponieleza inafanya nini? Nilidhani unanitania. Ulisema kuna watafiti wanatafuta dawa mpya za kifua kikuu, na hesabu zao ni nyingi kuliko kompyuta walizonazo, kwa hiyo wanazikata vipande vidogo na kuwagawia watu dunia nzima waliojitolea. Yetu inapokea kipande, inakifanyia kazi, inarudisha jibu, inaomba kingine. Nikauliza wanatulipa nini. Ukasema, "Hawatulipi, Mwana. Ni kama kuchagua mchele wa shughuli ya jirani. Wewe unakuja na ungo wako, yule na wake, mchele unaisha." Na mwezi wa Ramadhani, harusi zikiwa zimesimama na studio iko kimya, ulikuwa unaipapasa ile mashine inavyonguruma na kusema hii nayo iko kwenye ibada yake.

Kwa nini ulichagua kifua kikuu na si ugonjwa mwingine, sikuwahi kukuuliza.

Basi baada ya Idi alikuja Mama Ashura, yule wa nyumba iliyopakana na msikiti, na huyo Ashura, binti yake anayetaka kuolewa. Walikuja kuangalia kazi zetu. Mama Ashura akaona ile skrini ya dirishani ina vidude vya rangi vinajizungusha, na hakuna mtu aliyekaa mbele yake. Akauliza hii nani anaiendesha. Mie nilikuwa na haraka, nikajibu, "Inajiendesha. Inapokea kazi kutoka nje, ikimaliza inatuma."

"Inatuma nje?"

"Ndiyo, Mama. Inatuma."

Nilimwona anavuta buibui lake vizuri, na chumba kizima tulikuwa wanawake. Hapo ilinipasa nielewe. Sikuelewa.

Haikupita hata siku, mtaa mzima ukawa na neno moja: tangu Saada afe, video za wanawake vichwa wazi, wanacheza, zinatumwa Ulaya. Bibi harusi mmoja akaja na mama yake kudai memori kadi yake, hakutaka hata kukaa. Mwingine akaahirisha kwa simu, na sauti yake nikajua kuahirisha ndiyo kukataa. Mume wa mtu akasimama mlangoni akaniambia mkewe akionekana mtandaoni nitamjua yeye ni nani. Da Saada, nilikuogopea jina lako kuliko nilivyojiogopea mwenyewe. Jina lako ulilijenga kwa uaminifu, na mie nililiangusha kwa sentensi moja.

Nikamwendea mama yako. Alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia, "Mama, naizima. Studio ikifa sie tutakula nini?"

Hakuinua kichwa. "Usiizime. Waite waje."

"Niwaite akina nani?"

"Wote wenye maneno."

Walikuja Ijumaa baada ya alasiri. Nilitandika mikeka, jirani yetu Bi Zainabu akaleta chai na vitumbua, kikawa kikao kama cha msiba, kila mtu anaangalia chini. Nikaanza na ile kompyuta nyingine, mpya, tunayokatia video, yenye harusi zao. Nikawaambia hii tangu siku ya kwanza Da Saada hakuwahi kuiunganisha na intaneti, kwa sababu alisema mwanamke akishavua buibui mbele ya kamera yako amekuachia amana. Nikajua hawataniamini kwa maneno. Nikamwomba Ashura mwenyewe, si anasoma mambo ya kompyuta chuoni, akae aikague. Akakaa. Akapekua ile mpya, akahamia ya dirishani, akafungua kila mahali. Mwisho akageuka akasema, "Mama, hii hata picha moja ya mtu haina. Ni hesabu tupu, za watu wanaotafuta dawa ya kifua kikuu."

Mama yake akakohoa kidogo. "Sawa, nimekubali. Ila niambieni jambo moja. Mashine ya harusi inahangaika na kifua kikuu kwa nini? Saada alikuwa daktari?"

Nikageuka kumtazama mama yako.

Mama yako ndiye aliyesimama. Alishika ukuta kwanza.

"Niliugua mie," akasema. "Saada bado msichana mdogo. Nikakohoa mpaka kikombe changu kikatengwa, na waliokitenga ni ndugu. Tukasema ni pumu. Dawa nilikuwa naficha kwenye kopo la mdalasini, na Saada ndiye ananiletea maji ya kumezea. Nilimwapisha asimwambie mtu. Hakumwambia mtu. Hata huyu Mwanaidi hakumwambia. Amekwenda nayo kaburini, na mie niliyemfunga mdomo ndiye ninayesema leo."

Akakaa chini. Nikasogea nikamshika mkono, ulikuwa baridi.

Kumbe ndiyo maana. Miaka yote ile.

Nilidhani watanyanyuka waondoke. Halafu Bi Mwajuma, yule muuza chapati, akasema taratibu kutoka kule nyuma, "Hata mie. Mwaka niliosema nimekwenda kwa dada yangu Ukonga, nilikuwa ndani naumwa." Mwingine akamtaja marehemu mumewe. Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, Da Saada, kama watu waliotolewa kamba shingoni. Chai ikapoa, ikapashwa, ikanywewa.

Mama Ashura akaenda mpaka kwenye ile skrini akainama. "Sasa haya madude ya rangi ndiyo dawa?"

Nikamwambia bado, wanajaribu kama kidude hiki kinaweza kumnasa mdudu wa ugonjwa asizaliane. Vingi havinasi, wanaendelea na kingine.

"Basi acheni iendelee. Ila mgeuze hicho kioo kisitazame njiani, watu wasije wakazua mengine."

Tulicheka mpaka mama yako akajifuta machozi kwa upande wa kanga. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia anacheka tangu tukuzike.

Yule bibi harusi aliyeahirisha amerudi. Aliyechukua memori kadi hakurudi, na sitamlazimisha. Ashura ameiweka ile programu kwenye laptopu yake, na wenzake watatu wa chuo nao wameweka. Waliojitolea wanaruhusiwa kujiunga kwa kundi, akaja kuuliza kundi letu liitwe nani. Mama yako akafikiri, akasema, "Andika Sadaka ya Saada." Ndivyo tunavyosomeka sasa, katikati ya majina ya watu wa nchi ambazo hata sizijui.

Sitakudanganya kwamba dawa imepatikana. Haijapatikana. Majuzi watafiti waliwaandikia wote waliojitolea kwamba sehemu moja imekwisha, vingi vilivyojaribiwa havikufaa, ila vichache vinakwenda maabara kuangaliwa vizuri. Nilimsomea mama yako kwa Kiswahili. Akaniambia, "Rudia hapo kwenye vichache." Nikarudia.

Na yeye siku hizi akisikia kuna mtu mtaani ameanza dozi ya kifua kikuu, anakwenda kukaa naye. Anakula naye sahani moja, mlango wazi, wapitao waone.

Nakukosa, Da Saada. Nakukosa zaidi nikimaliza video nzuri na hakuna wa kuniambia hapa umechelewa kukata. Singo ya Ashura ni wiki hii, nitaikata kama unaniangalia begani.

Sasa niage. Mungu akulaze pema, akuandikie thawabu ya kila kipande ambacho ile mashine imerudisha. Ikichakaa nitaweka nyingine mahali pake, hiyo ni ahadi. Na nyingine ni hii: mama yako ananiita kutoka uani, amepika pweza wa nazi, anasema nisipokuja sasa hivi anakula peke yake. Hatakula peke yake. Naenda.

Mwanaidi wako