Habari Tuliyokuficha, Mama

Mama yangu,

Leo hapa Columbus nimezinyima seli chakula tena. Ndiyo kazi niliyopata baada yako: maabara, glavu, na visahani vya seli za kansa. Tunazipunguzia chakula na hewa, kisha tunatazama jeni zipi zimeamka. Jioni nikirudi Reynoldsburg nashika simu nikusimulie, halafu nakumbuka haupo tena.

Unaikumbuka siku ile Louisville, daktari alipotuambia dawa imeacha kufanya kazi? Uvimbe ulikuwa umepungua, ukanenepa hata kitenge cha kwaya kikaanza kukubana tena. Kisha uvimbe ukarudi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wako. Nikakueleza kwamba seli ikiteswa, kwa njaa, kwa kukosa hewa, hata kwa dawa yenyewe, huamsha jeni zilizokuwa zimelala, na jeni hizo huitengenezea pampu za kuitupa dawa nje. Ulicheka mpaka nesi akageuka.

"Kumbe kansere nayo iko mujanja hivi! Bon, batafute dawa ingine."

Wakabadilisha. Wiki hiyohiyo ikaja habari kutoka kwetu milimani: mjomba Elia, mdogo wako uliyemlea mgongoni, amefariki. Kaka Samweli akatukusanya jikoni pale Highview.

"Mutu wa huzuni hakulake muzuri, hapumue muzuri," alisema. "Seli zitasikia njaa, zitaamsha zile jeni. Donc mama asijue."

Daktari hakusema hivyo, na mimi ndiye niliyetafsiri. Lakini nilitaka upone kuliko kitu chochote, nikakubali. Tukakuambia mtandao wa simu wa kule milimani umekatika.

Kila Jumapili baada ya ibada uliniuliza, blanketi miguuni: "Rezo ya kule ilirudia? Nataka nimusikie Elia."

"Bado, mama. Rezo iko mubaya."

"Bon," ulisema, ukatazama dirishani. Nikakuletea sombe ya majani ya muhogo, ukala yote, nami nikaona tumefanya vyema.

Dawa ya pili nayo ikagoma, na wewe ukaenda.

Kwenye visahani vyangu hakuna aliyefiwa, mama. Hakuna simu kutoka milimani, hakuna anayelia, na bado jeni zinaamka. Siku niliyoliona hilo kwa macho yangu nilivua glavu nikaenda kulia chooni. Machozi yako yasingeipa kansa nguvu. Tungeweza kukaa chini kwenye mkeka, wewe na mimi, tukamwimbia Elia mpaka sauti zikauke.

Juzi nilikwenda Buffalo kwa Mama Mkubwa, dada yako, nikamweleza jinsi tulivyokuficha. Akaacha kumenya ndizi.

"Donc mulifikiri hakujua? Miye mwenyewe nilimwambiaka. Akasema, 'Acha batoto. Banafikiri bananichunga.'"

Kwa hiyo zile Jumapili zote uliuliza ukijua. Ulikuwa unanipa nafasi ya kusema. Nawaza ulimlilia wapi ndugu yako, bafuni labda, maji yakimwagika tusikusikie, na mimi nipo sebuleni nakukunjia nguo. Nimekukumbuka, mama. Laiti ungeniuliza tena, mara moja tu.

Rezo imerudi, mama. Mjomba Elia amefariki. Njoo tulie.

Binti yako,
mkalimani wako