Kilichokuwa Chini ya Mlango wa Bati

Kikwajuni, Unguja,
Jumapili asubuhi.

Kwa shemeji yangu Mahfoudh,

Assalamu alaykum warahmatullah. Baada ya salamu nakuuliza hali ya goti kwanza, kisha hali yako wewe, kwa kuwa nasikia siku hizi goti ndilo linaloongoza nyumba. Mwanao ameniambia daktari wa huko Dar es Salaam amekukataza kuchutama na kukasirika. Kuacha kuchutama utaweza. Sisi huku hatujambo. Mimi meno yamebaki manne na hayajuani, lakini pweza bado namshinda. Dada yangu Sichana, mkeo, ni mzima, mwani wake umekauka vizuri na anakusalimu. Hapo nilipoandika "mkeo" nimekoleza wino kusudi. Ukifika chini utajua kwa nini.

Tafadhali isome peke yako. Mwanao akikusogelea, mwambie ni dua ya goti haitaki kuangaliwa na watu wawili. Ningekupigia simu, lakini wewe simu huiwekea sauti kubwa hata mtaa ukasikia. Mara ya mwisho nilikuuliza kama umepata choo, nikajibiwa na mama wa jirani kwamba umepata.

Basi sikia, bwana. Alkhamisi iliyopita nusura uachane na mkeo, na wewe umelala huko unapakwa mafuta. Mwenye kosa ni mimi. Yamekwisha, alhamdulillahi, ndiyo maana nnaandika nikiwa nimekunja nne na kikombe cha kahawa pembeni. Lakini lazima uyajue, maana ukirudi utaulizwa, na ukijibu kwa kichwa chako mwenyewe utatutia motoni sote wawili.

Kazi yangu unaijua na umeicheka vya kutosha, eti mzee mzima anabandika takataka. Naam, nabandika takataka. Nachukua kipande cha ubao wa sanduku la chai, ukubwa wa kitabu cha Juzuu Amma, nakigandishia karatasi kuukuu, kitambaa cha kanga, bati la mkebe wa maziwa nililolikata mfano wa mlango, na makonyo, vile vijiti vya karafuu, kutoka Kizimbani nayapanga yawe boriti. Hakuna picha mbili zinazofanana, hata nikitaka, kwa kuwa mkono unatetemeka kila siku kwa namna yake. Nakaa nazo kwenye baraza pale Mji Mkongwe, kichochoroni, na wageni wananunua. Wanachopenda zaidi ni maandishi yetu ya kale, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wakiniuliza yanasema nini nawaambia ni mashairi ya mapenzi. Juzi bibi mmoja wa Kizungu ametokwa na machozi juu ya orodha ya sukari, samli na mafuta ya taa ya mwaka wa sitini na mbili. Sikumzuia. Hata mimi samli huniliza.

Sasa, karatasi hizo hutoka katika mkebe wangu wa biskuti, mna makaratasi ya nusu ya umri wangu. Mwezi huu nilikalia miwani ikavunjika. Mtu mwenye akili angepumzika. Mimi nikaendelea kukata na kubandika kwa kupapasa, najisifu kwamba fundi haangalii.

Ndipo akaja Nadra, mjukuu wako, huyu wa mapokezi katika hoteli moja ya hapo kwenu Kiwengwa. Akataka picha ya kumpelekea bibi yake, eti ukuta wa bibi una kalenda na mjusi tu. Akachagua yenye mlango wa buluu. Nikamwambia sijaipaka vanishi. Akasema gari la hoteli linamngoja, babu, usinicheleweshe, bibi yangu hajui vanishi wala varanda. Nikaifunga gazetini akaondoka nayo.

Kesho yake nilipata miwani mpya. Nikafagia meza, nikaokota ukanda wa karatasi niliyoikata, ule mwisho wa barua. Herufi ni za Kiarabu na mkono ni wako, ule unaoinama kama mchukuzi aliyelemewa na gunia. Umeandikwa: "Mimi niliyekuwa mumeo, Mahfoudh."

Nikakaa. Hapakuwa na kiti.

Nakukumbusha, maana najua mambo haya tuliyafukia. Mwaka wa themanini na sita ulikuwa Muskati, mwaka wa tatu hujarudi. Mtu akakuandikia barua isiyo na jina, kwamba Sichana kila alasiri anaingia nyumba ya fundi cherehani na kutoka magharibi. Nawe hukuuliza. Ukaandika talaka, ukampa msafiri aniletee mimi nimpe dada yangu. Bahasha hukuilamba vizuri, nikaisoma. Maneno yake nayajua, Mungu anisamehe, kuliko ninavyoijua Yasini: "Sichana, siku itakapokufika barua hii, siku hiyo umeachika." Nikaitia mfukoni. Baada ya siku ishirini ikaja ya pili, unaniomba kwa Mungu na Mtume, kama sijampa nisimpe. Sikuwa nimempa. Nikakujibu kwamba nimeichoma moto. Ukarudi, mkazaa wawili wengine, na Sichana hakujua kitu.

Na sasa barua ile, niliyoibandika kwenye picha ya mlango wa buluu, ilikuwa njiani kumfika. Imechelewa miaka thelathini na minane, lakini inakwenda, imefungwa gazetini, na tarishi ni mjukuu wako mwenyewe.

Nikaenda kwa Sheikh Ridhwan, anayesomesha chuo cha Kurani hapa nyuma ya kwetu, nikamwambia nna rafiki yangu ana jambo. Akataka maneno ya barua herufi kwa herufi. Nikamsomea. Akavuta ndevu kwa muda ambao mimi ningepika wali, kisha akasema mume huyo ameifunga talaka yake na kufika kwa barua. Madhali haikufika, haikupita, na wawili hao wameishi kwa halali miaka yote. Nilitaka kumbusu. Akaninyooshea kidole nitulie. Akasema lakini ikimfika leo, na maneno yale yanasomeka, hapo pana mambo mengine, wala majuto ya mume hayatalifungua fundo alilolifunga mwenyewe. Mwisho akaniambia nimwambie huyo rafiki yangu, mwenye kofia kama yangu na pengo kama langu, akimbie.

Nikakimbia. Yaani nilikodi bodaboda. Kutoka Kikwajuni mpaka Kiwengwa nilisoma dua zote ninazozijua, na mbili nikazitunga mwenyewe.

Nikamkuta Sichana uwani, kwenye mkeka, mwani unakauka pembeni. Picha iko mapajani na miwani iko puani. Nikajua nshachelewa. Nikatoa salamu. Akaniuliza mkono huu ni wa nani. Nikasema ni wa mshairi mmoja wa zamani. Akasema, "We Silima, mdanganye Mzungu. Huu mkono wa Mahfoudh. Naujua kuliko ninavyoijua sura yake." Kisha akaweka kidole, akasoma kwa sauti: "Kwa mke wangu Sichana binti Jaku, baada ya salamu nyingi."

Nikafumba macho nikangoja yanayofuata. Hayakuja. Nikafumbua jicho moja, nikachungulia. Mahfoudh, mstari wa pili, wa tatu na yote iliyobaki imeingia chini ya mlango wa bati! Kama ningekuwa na miwani siku ile, mlango ningeuweka pembeni, panapopendeza, na leo ungekuwa kapera mwenye goti bovu. Na niseme hili: adabu unayo. Hata katika talaka ulitanguliza salamu.

Furaha yangu ikadumu kiasi cha chafya moja. Sichana akasema barua ina jina lake, kwa hiyo ni yake, na mimi si bawabu wa kumfungia mlango. Akaingia jikoni akatoka na kisu cha kuparia samaki, akaipenyeza ncha yake chini ya bati.

Nilipiga ukelele ambao kuku wa jirani bado wanauzungumza. Nikamwambia ataichana, gundi ya unga wa ngano haibanduliwi kwa kisu, huloweshwa. Na hiyo ni kweli, muulize fundi yeyote. Nilichonyamazia ni kwamba wino nao huyeyuka majini. Nikamwomba nikate kwanza ule mstari wa juu, usije ukaharibika. Akaniangalia kama anayepima samaki kama ameoza, kisha akanipa kisu. Nikaukata nikamtia mkononi. Kilichobaki nikakitumbukiza kwenye ndoo ya maji aliyosuuzia mwani, nikakikandamiza kwa viganja viwili kama mtu anayefua kanzu ya mkwewe. Vanishi hakuna, Mungu ambariki Nadra na haraka zake. Wino ukapanda juu kama moshi. Nilipokitoa, mlango ukabanduka wenyewe, na nyuma ya mlango mna uji.

Sichana alinitukana, Mahfoudh. Tangu mama yetu afariki sijatukanwa vizuri namna ile. Akaniita mwizi wa barua, babu asiye haya, na kwamba lau si kaka yake angeniloweka na mimi. Nami nimeipakata ndoo, nacheka huku machozi yananitoka, hata Nadra akatoka ndani kuuliza kama babu kapigwa na jua. Kila tusi lilikuwa likinitua mgongoni kama marashi. Mke wa mtu ndiye aliyekuwa akinitukana, na mtu mwenyewe ni wewe.

Alipochoka akakaa. Akaniuliza, safari hii polepole, mle ndani mliandikwa nini. Nikamwambia yalikuwa maneno ya mtu aliyekuwa mbali na mkewe hata akili ikamruka, na siku ishirini baadaye ikamrudia. Nadhani hilo si uongo. Akasema mengine atakuuliza wewe ukirudi. Mstari ule ameuweka ndani ya msahafu wake, na kabla sijaondoka nilimwona akiutoa mara mbili.

Jana nikarudi kwa Sheikh Ridhwan kumweleza mambo ya rafiki yangu. Akasema salamu hazimwachi mke wa mtu, uji hausomeki, na lililoandikwa limefutika kabla ya kufika. Talaka haipo. Akaongeza kwamba rafiki yangu atubie na akome kufungua bahasha za watu. Nikatoka pale mwepesi, hata ngazi za msikiti sikuzihisabu kama kawaida yangu.

Hapa ningetia sahihi. Lakini karatasi imebaki nafasi, na mimi nimebaki na kitu.

Kwamba sikuichoma, umeshaona. Niliiweka ili siku ukinifanyia ujeuri nikutishe nayo, kisha nikaona haya kuitaja, kisha nikaisahau. Hilo ni dogo. Ile nyingine, barua isiyo na jina iliyokufika Muskati, niliiandika mimi.

Niliiandika kwa mkono wa kushoto. Sichana alikuwa akienda kwa marehemu fundi Jecha kujifunza kushona, na Jecha alikuwa mzee wa miaka sabini, hana jino hata la kukatia uzi. Hayo niliyaacha kusudi. Kila jioni nilikuwa namsikia dada yangu akiwaambia watoto baba anakuja kesho, na hiyo kesho ilikuwa imetimiza miaka mitatu. Nikasema nitamchoma huyu bwana kwa wivu kidogo, atapanda ndege. Sikufikiri kwamba unaweza kubaki Muskati ukatuma talaka. Ilipofika mikononi mwangu nikajua mzaha wangu umezaa nini, na nikanyamaza. Nimekutania kwa kila jambo miaka yote hii ila kwa hilo. Na nimemwacha Borafya karani, uliyemdhania kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua, abebe mzigo wangu. Ukimwona msikitini unahama safu. Masikini hajui kosa lake, na huja kuniuliza mimi! Nikamwambia labda ni hayo mafuta yake ya nywele. Leo baada ya alasiri nakwenda kwake kumwambia ukweli. Mlango wake naujua, nimeupita kwa mbali miaka mingi.

Mahfoudh, hapa sitanii. Nilitaka kumrudishia dada yangu mume na nusura nimwondolee. Nisamehe. Ukishindwa kunisamehe, nitukane, nitapokea; mradi utukane ukiwa mume wa Sichana, mimi nimeshapata haja yangu. Hili langu sikumwambia bado, nataka kulisema mbele yenu nyote wawili, utakaporudi, nikiwa nimekaa karibu na mlango.

Na atakapokuuliza uliandika nini, sikufundishi jibu, wewe ndiye unayelala naye. Ila ujue kwamba amebaki na mstari mmoja tu wa salamu, na anaamini una muendelezo wake. Basi tafuta kalamu huko. Andika kwa herufi zile zile na mkono ule ule, uanzie pale ulipoishia, baada ya salamu nyingi, umwambie mkeo lile ulilopaswa kumwambia mwaka ule. Mpe yeyote anayepanda boti aniletee. Sitaifungua. Nitaipeleka Kiwengwa siku hiyo hiyo, nimkabidhi mkononi, na nitasimama nje mpaka amalize kuisoma.

Wasalimie wote walio nawe, wakubwa kwa wadogo. Wa huku wanakusalimu, na anayekusalimu zaidi unamjua.

Ni mimi shemeji yako, na bado ni shemeji yako,

Silima wa Jaku