Maharagwe ya Shemeji

Alhamisi, Kitale

Meno yananiuma mpaka sasa. Shemeji, mume wa dada, alishinda tenda ya kuletea hospitali yetu maharagwe, na leo amefika na lori lake kutoka Bungoma. Dada alinisihi niyapokee bila maswali, maana niko kwenye kamati ya kukagua bidhaa.

Nikayapeleka jikoni kwanza, kama ya kila mtu. Yalichemka asubuhi nzima, yakabaki magumu. Sijui yalivunwa mwaka gani! Mpishi akatupakulia sote.

“Ati hata mimi unanipima, bana?” shemeji akauliza.

“Onja tu, shem.”

Alitafuna, akamwambia dereva arudishe magunia.

Nimekaa na wasiwasi jioni yote. Aliponipigia simu nilijua ni matusi.

“Kesho naleta mapya,” akasema. “Na mpishi wenu asisahau chumvi.”