Dakika Tatu kwa Kila Mkazi

Salmela, Michigan
Tarehe 19 Mei

Kwa dada yangu Sylvi,

Nakusalimu kwa heshima na upendo, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta ukitembea bila fimbo kama daktari wako alivyoahidi, na kwamba upepo wa ziwani hapo Duluth umeanza kulegea. Mimi ni mzima wa mwili. Huku theluji imebaki nyuma ya ghala tu, barabara zote ni matope, na korongo wawili wamerudi kwenye kinamasi cha Tuisku. Aune wa posta anakusalimu sana. Ameniagiza nikuambie kwamba bado anayo sahani yako ya bluu na hana nia ya kuirudisha mpaka uje kuichukua mwenyewe.

Uliniuliza katika barua yako ya Aprili kama ni kweli kwamba shamba la marehemu Heikkila litageuzwa kituo cha malori. Nimechelewa kukujibu, nawe unajua kwamba si kawaida yangu kuchelewesha majibu. Sababu utaiona kabla hujafika mwisho. Naomba uvumilie niyaeleze mambo kwa utaratibu.

Kampuni moja kutoka kusini mwa jimbo iliomba ekari arobaini za Heikkila, ambazo tangu utoto wetu zimeandikwa kuwa eneo la kilimo na makazi, ziandikwe upya kuwa eneo la biashara. Walitaka kujenga kituo cha mafuta, duka, na maegesho ya malori sitini, pamoja na taa zitakazowaka usiku kucha. Ramani yao ilionyesha kila kitu isipokuwa njia ya malori kutoka barabara kuu. Hapo paliandikwa tu kwamba njia itaelezwa baadaye. Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kamati ya mipango ya ardhi ya kitongoji, ambayo ina watu watano, na ambayo mimi nimekuwa mwenyekiti wake kwa miaka kumi na minne.

Sasa nikueleze habari za Hilja Pelkonen. Utamkumbuka kama kitindamimba wa Pelkonen wa ng'ombe, msichana mwenye nywele nyekundu. Leo ni mama wa mabinti watatu, anaendesha basi la shule, na nyumba yake inatazamana na shamba la Heikkila. Nilimfundisha, na nilimfelisha miaka miwili mfululizo kwa sababu hakuna aya aliyoianza akaimaliza. Sikutegemea kwamba siku moja nitakuandikia kumsifu.

Wiki tatu kabla ya mkutano alinijia nyumbani. Alisema kwamba wakazi wamekubaliana yeye aseme kwa niaba yao wote, na hotuba yake ingechukua zaidi ya nusu saa. Akaomba apewe dakika za wenzake. Nilimkumbusha kwamba kanuni inampa kila mkazi dakika tatu, na kwamba hakuna anayeruhusiwa kumpa mwenzake dakika zake. Kanuni hiyo niliiandika mwenyewe, baada ya ule mwaka ambao marehemu Nestor alizungumza juu ya mitaro mpaka watu wakaenda nyumbani. Hilja hakubishana. Alisema, "Haya, Mwalimu, nimekuelewa," akavaa viatu vyake vya mpira, akaondoka.

Kumbe alikwenda kuikata hotuba yake vipande kumi na viwili. Kila kipande akakipima kwa saa ya jikoni kisizidi dakika tatu, kisha akazunguka nyumba kwa nyumba kuwagawia watu. Hebu fikiria, dada. Unawajua watu wetu. Hawa ndio wanaokaa meza moja na mgeni kutwa nzima bila kumwambia zaidi ya "kunywa kahawa". Tekla Mäkelä hajasema neno mbele ya hadhara tangu alipokubali kuolewa, na hata siku ile mchungaji ilibidi amuulize mara mbili. Hilja alikwenda kwake mara nne, akamsikiliza akisoma mbele ya jiko mpaka sauti ikamtoka.

Mkutano ulifanyika Jumamosi asubuhi katika ghorofa ya chini ya kanisa, kwa kuwa ukumbi wa kitongoji usingetosha. Wanawake walileta kahawa na mikate ya iliki. Wa kwanza kusimama alikuwa Bwana Whitcomb wa kampuni, mtu wa adabu, mwenye sauti ya taratibu. Alieleza habari za ajira na kodi, na watu walimsikiliza bila kumkatiza.

Kisha wakaanza. Aune alieleza kina cha visima vyetu na jinsi maji yanavyotembea chini ya shamba lile kuelekea mashariki. Aliyemfuata alianza pale Aune alipoishia, na aliyemfuata huyo vivyo hivyo, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto. Tekla alisoma habari za taa na ng'ombe wasiolala. Hakuruka hata neno moja, na alipokaa, mumewe alimtazama kama mtu aliyeletewa mke mpya.

Arvo Tuisku ndiye aliyetuchekesha. Karatasi zilikuwa zimechanganyika kwenye meza ya kahawa, na masikio yake unayajua. Alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kubwa, "Mimi, nikiwa mama wa mabinti watatu wanaongojea basi kando ya barabara ile..." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Hongera, mama Arvo! Wa mwisho ana miezi mingapi?" Arvo alidhani wanamkatiza. Akagonga meza na kusema, "Nyamazeni nyie! Nina dakika tatu na nitazimaliza!" Akasoma mpaka mwisho, mabinti na yote. Hata Bwana Whitcomb alifuta machozi ya kicheko.

Zamu ya Hilja ilipofika, karatasi iliyobaki mezani ilikuwa ya Arvo. Aliitazama, akakohoa kidogo, akaisoma bila kutabasamu, "Nina miaka themanini na tatu, nimekata nyasi za shamba lile kwa miaka hamsini, na ndevu zangu zimeota humo." Watu walicheka tena, lakini safari hii kicheko kilikatika mapema. Alikuwa ameanza kueleza jinsi Heikkila alivyowaachia majirani nyasi zake mwaka wa ukame bila kudai chochote, na wengi mle ndani walikula mwaka ule kwa sababu ya nyasi hizo.

Alipomaliza alisema kwamba amebakiza dakika moja, na angependa kuitumia kuuliza swali. Malori yatapita wapi? Bwana Whitcomb akajibu kwamba mwenye ardhi ya njia hiyo ameshakubali, ila aliomba jina lake lisitajwe kwa sasa. Hilja akamshukuru. Kisha akamwomba mwenyekiti, yaani mimi, asome kanuni ya tisa. Niliisoma. Inasema kwamba mjumbe yeyote mwenye faida yake katika jambo linaloamuliwa atatamka hivyo mbele ya wakazi na kuondoka mezani. Hilja akaomba kila mjumbe atamke kama anayo faida hiyo au hana, kuanzia mkono wangu wa kulia na kuzunguka meza.

Ukianza mkono wangu wa kulia, dada, mimi ni wa mwisho.

Alipokuwa akisema hayo hakunitazama. Alikuwa ameshika jalada, na ndani yake niliona ukingo wa karatasi yenye muhuri wa ofisi ya ardhi ya wilaya. Muhuri ule niliutambua. Gladys Nettell, makamu wangu, akasema, "Sina." Wa pili akasema hana. Wa tatu, hana. Wa nne, hana. Nilipata muda wa kutosha wa kufikiri. Sasa naelewa kwamba muda huo ulipimwa kwa ajili yangu.

Nilisimama, nikasema kwamba malori yangepita kwenye ukanda wa ardhi yangu, kutoka barabara kuu hadi mpaka wa Heikkila. Kwamba nilitia saini ahadi ya kuuuza mwezi wa Februari. Na kwamba nilikuja pale nikiwa na nia ya kukaa kimya na kupiga kura ya ndiyo. Niliweka nyundo ya mwenyekiti mbele ya Gladys, nikashuka.

Hakuna aliyezomea. Ingekuwa nafuu kama wangezomea. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja tu, kando ya Arvo. Akaniuliza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Wamekufukuza?" Nikamwambia nimejitoa mwenyewe. Akasema, "Kaa basi, mzee. Kahawa bado ipo."

Kura zilipigwa: wawili wakakubali, wawili wakakataa. Ombi lisipopata kura nyingi linaanguka, na hilo likaanguka. Kama ningebaki mezani, lingepita.

Baadaye nilimfuata Hilja uani, alipokuwa akipakia mabirika kwenye gari lake. Nilimuuliza kwa nini hakuisoma nakala ya ahadi yangu iliyokuwa katika jalada, ingawa tarehe ya muhuri ilionyesha alikuwa nayo kwa siku tisa na ingemaliza kazi yake kwa pigo moja. Alifunga mlango wa gari kwanza. Kisha akasema, "Mwalimu, ulinifelisha mara mbili. Lakini hukuwahi kusoma alama zangu mbele ya darasa. Uliniita mlangoni, ukaniambia peke yangu, ukangoja mpaka nimalize kulia ndipo ukafungua mlango." Nilikuwa nimesahau kabisa. Nimefundisha miaka thelathini na minane, na sijui kama kuna mwanafunzi mwingine aliyejifunza kwangu jambo la maana kuliko hilo. Nami nilidhani namfundisha kuandika aya.

Halafu akaongeza jambo jingine kwa sauti ya chini. Alisema kwamba kwenye karatasi ile kuna majina mawili, na la pili si lake kulitaja.

Dada Sylvi, jina la pili ni lako.

Ukanda niliouahidi kampuni ni sehemu ya ile ardhi ya baba inayoanzia barabara kuu hadi mtoni. Nusu yake ni yako. Ndani ya ukanda huo iko sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke ambamo mama alituzaa sote wawili, nayo ingebomolewa ili malori yapate kona. Mwaka ule ulipofanyiwa upasuaji wa nyonga, ulinipa hati ya uwakili ili nilipe kodi ya ardhi na kukatisha nyasi kwa niaba yako. Hukunipa kwa ajili ya jambo jingine. Mimi niliitumia hati hiyo kutia saini kwa jina lako chini ya jina langu. Sikukuuliza, kwa sababu nilijua jibu lako. Ukumbini nilisema ni ardhi yangu. Huo nao ulikuwa uongo, nilioutamka nikiwa nimesimama kuungama.

Utataka kujua kwa nini. Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni dogo kuliko kosa. Bwana Whitcomb alikuja Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Alikaa mezani pangu kwa muda wa saa mbili. Aliuliza habari za shule, akatazama picha za madarasa, akauliza juu ya mke wangu Elma na kusikiliza nilipomweleza alivyokufa. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekaa pale muda mrefu namna hiyo. Alipotoa karatasi, nilihisi kwamba kumkatalia kungekuwa utovu wa adabu. Simlaumu yeye. Alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa na kalamu.

Mambo hayajaisha. Kampuni ina haki ya kukata rufaa kwa baraza la kitongoji, na ahadi niliyotia saini inaifunga ardhi hadi mwisho wa Juni. Nimewaandikia kwamba najitoa, lakini wakili wa mjini amenieleza kwamba kujitoa kwangu hakutoshi. Kinachoweza kuivunja ahadi ni neno lako wewe, ukitamka kwamba hukuniruhusu. Ukitamka hivyo, itajulikana wilaya nzima kwamba mwalimu Saarela alitumia jina la dada yake bila idhini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na naomba ijulikane hivyo.

Katika bahasha hii nimeweka karatasi mbili. Moja inaniondolea uwakili wako wote. Nyingine ni tamko lako juu ya saini ile. Nimeziandika kwa uangalifu na sidhani utapata kosa ndani yake, lakini zisome kama mtu asiyeniamini. Zitie saini mbele ya mthibitishaji wa hati. Usizirudishe kwangu. Zitume kwa Hilja Pelkonen, naye atazipeleka ofisi ya ardhi mwenyewe. Nimemwomba, na amekubali.

Sikuombi unisamehe katika barua hiyohiyo ninayokueleza kosa. Hilo litakuwa lako, kwa wakati wako, au lisiwe.

Nisalimie shemeji Carl, na umwambie kwamba mbegu za viazi alizonipa zimechipua zote. Wajukuu wape salamu zangu kila mmoja kwa jina lake. Uiangalie nyonga yako kwenye ngazi za posta, na tafadhali nenda mapema, kwa kuwa Jumatano wanafunga saa sita.

Ni mimi, mdogo wako,
Urho Saarela