Kileo cha Saab

Jumanne, 3 Juni 1980. Rwamishenye

Saab ya zahanati imerudi, imevutwa kwa kamba nyuma ya lori la kahawa. Watu wa barabarani wamecheka. Cheka tu!

Nimefungua injini mchana. Kama nilivyoogopa: pistoni ya tatu imemegeka ukingo. Petroli tunayopata sasa, siku tukiipata, inanuka mafuta ya taa. Land Rover inakunywa hiyo hiyo na kuendelea kukohoa. Hii ina turbo. Turbo inasukuma hewa nyingi ndani, joto linapanda, mafuta mabovu yanawaka kabla ya wakati wake, na injini inajigonga yenyewe mpaka ivunjike. Mswidi wa mradi wa maji alipoiachia zahanati ya Ngenge alifikiri ametoa zawadi. Ametoa farasi wa mashindano akabebe mikungu.

Georgina, nesi wa Ngenge, amekuja na hilo lori. Amenieleza ya Aprili, ambayo sikuwa nimeyasikia yote. Gari nililolitengeneza mimi lilizimika katikati ya mlima wa kwenda hospitali, ndani kuna mama mwenye uchungu. Mama alipona. Mtoto hapana. Ameeleza taratibu, akaomba maji ya kunywa. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kwenye sanduku la vipuri la Mswidi imebaki pistoni moja. Nikiivunja hiyo, basi.

Alhamisi, 5 Juni

Pistoni mpya imeingia. Sasa nifikiri vizuri, mara hii kabla ya kuwasha.

Njia ni mbili. Ya kwanza: niache petroli kabisa, gari liende kwa kileo cha ndizi. Ethanoli, yaani kileo chenyewe, haigongi hata turbo ikisukuma namna gani. Na hatumpigii magoti mtu wa kibali cha mafuta! Migomba tunayo. Ya pili: tubaki na petroli hii mbovu, lakini injini ikianza kupata joto nipulizie methanoli, ile spiriti ya viwandani, na maji kidogo kwenye njia ya hewa. Inapoza, kugonga kunaisha. Mswidi aliwahi kunionyesha picha ya mtambo huo kwenye gazeti la magari.

Ya kwanza inanipendeza moyoni. Kujitegemea kwenyewe! Ila gari litakunywa karibu mara mbili. Nimepiga hesabu: kwenda hospitali na kurudi ni mikungu ishirini ya ndizi za pombe, na kuni juu yake. Mwaka huu, baada ya vita, nani ana mikungu ishirini ya kuchoma?

Nitajaribu hata hivyo.

Jumatatu, 9 Juni. Ngenge

Limewaka! Kwa enkonyagi, gongo letu la ndizi!

Ma Klaudia, mpishi mashuhuri wa hapa, ameipika mara mbili, barua ya mwenyekiti wa kijiji ikiwa mfukoni mwake. Bila barua mgambo wangembeba yeye na chungu chake. Nilipanua njia ya mafuta, nikabadili plagi. Aristides, dereva, akakanyaga. Harufu ilijaa uwanja mzima wa zahanati. Wazee walisogea karibu na bomba la moshi, wakavuta pumzi, wakatikisa vichwa. Mmoja akasema serikali imekataza watu, imeruhusu gari. Tumecheka mpaka machozi. Jina limeshapatikana: Mlevi.

Lakini mlimani — ndiyo na siyo. Haligongi. Nguvu ipo. Ila enkonyagi bado ina maji mengi, na kila kilomita chache linakatika na kushtuka. Tumefika juu na kurudi. Kileo cha siku nne za kazi ya Ma Klaudia kimekwisha kwa safari moja. Ameniuliza kama gari hili halina aibu.

Na akinamama wanaojifungua hapa ni wangapi kwa mwezi? Georgina anasema wa kupandishwa mlimani ni sita, saba. Ndoto yangu ilikuwa nzuri, ila haina ndizi za kutosha.

Alhamisi, 12 Juni. Bukoba

Nimekwenda kwa Narendra. Zamani alikuwa akitengeneza vanishi nyuma ya duka lake; sasa amebaki peke yake, mkewe Taraben na watoto wako Uingereza. Ana pipa la methanoli amelifungia stoo. Nilidhani atakataa. Alitaka kwanza kujua kazi yake, nikamchorea kwenye karatasi ya kufungia sukari. Akaitazama sana ile picha. Kisha akaleta ufunguo.

Amesema neno moja, amelirudia mara tatu. Kwamba hii na ile ya kunywa huwezi kuzitofautisha kwa pua wala kwa ulimi, na kikombe kimoja kinapofua macho. Nitie rangi, amesema, ya buluu. Rangi ya kuchanganya humo hana, mimi sina. Nikamwambia nitaandika kwenye dumu. Akanitazama. Andika kubwa, akasema.

Nimeandika kubwa. SUMU. Rangi nyekundu ya kupakia magari, herufi za kiganja kizima. Zimenyooka vizuri, nimejisifu mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni. Ngenge

Pampu ya maji ya kioo cha mbele ndiyo nimeifanya ya kupulizia. Turbo ikisukuma sana, swichi inajiwasha, pampu inapuliza. Kitu chepesi kabisa! Kwenye dumu nimechanganya kabisa nusu maji nusu methanoli, ili Aristides asihangaike kupima.

Tumepanda mlima na magunia manne ya kahawa badala ya mgonjwa. Halikugonga hata mara moja. Niliweka sikio kwenye dashibodi kama daktari. Lita moja tu ya mchanganyiko kwenda juu! Nimefurahi, nakiri, furaha ya kitoto. Georgina amenishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema kwa heshima yetu ya Kihaya, Waitu, Ta Protase, sasa nitalala.

Nimemkabidhi Aristides dumu. Nikamwambia hii ni sumu, ni sumu kweli, iko kwa ajili ya injini tu. Akacheka, akanikonyeza. "Nimeelewa, fundi. Sumu!" Kijana mchangamfu.

Jumatano, 18 Juni. Rwamishenye

Salamu kutoka Ngenge: mama wawili wamepandishwa wiki hii, mmoja amejifungua pacha. Wote wazima. Mmoja wa pacha wanataka kumwita Protase. Nimewaambia wamwonee huruma mtoto.

Bado nafikiria ile ya ndizi, lakini. Pipa la Narendra litakwisha siku moja. Migomba haiishi.

Jumapili, 29 Juni. Ngenge

Nilikuja kukagua plagi tu.

Baada ya misa ya kwanza nimefungua buti. Dumu limepungua. Daftari la safari linasema safari tatu, yaani lita tatu. Nimepima: zimetoka karibu tano. Nikatafuta kama linavuja. Halivuji.

Nimemwita Aristides pembeni. Mwanzo alicheka tena. Nilipomshika kola akaacha kucheka. Jana kulikuwa na arusi ya binamu yake. Amechota chupa mbili, meza ya wazee isikose kitu kizuri.

Nimempigia kelele: si nimeandika? Si umesoma? Na yeye, macho yamemtoka: "Ndiyo maana, fundi! Si umeandika SUMU!"

Sikumwelewa. Ma Klaudia ndiye amenielewesha, amekuja mbio na kanga begani. Hapa kwao, enkonyagi nzuri, ile ya kufichwa, huandikwa SUMU. Sumu ya kahawa, sumu ya panya, sumu tu. Mgambo akipekua anaipita. Nyumba yoyote ya Ngenge ukiona dumu limeandikwa hivyo, unajua mwenye nyumba ana akiba. Na mimi, fundi wa mjini, mwenye gari ambalo kila mtu alilinusa likinywa enkonyagi, nimeandika neno hilo kwa rangi nyekundu. Herufi za kiganja kizima!

Mimi Mhaya. Nimezaliwa saa mbili kutoka hapa kwa miguu. Sikujua. Naona aibu, na hofu imeipita aibu.

Chupa moja tumeikuta chini ya kitanda cha bwana arusi, haijafunguliwa. Ya pili walikunywa watu wawili. Mmoja ni Ta Mushumbusi, baba yake Aristides, katekista. Wa pili hatumjui! Nimesimama mlangoni pa kanisa watu wakitoka misa ya pili, nikasema kwa sauti kubwa kwamba aliyekunywa ile ya kwenye dumu ajitokeze, ni sumu. Wamecheka. Nikasema ni sumu kweli! Wakacheka zaidi. Balozi wa nyumba kumi alikuwa amesimama pale pale, na mbele yake nani atasema nilikunywa? Sina neno jingine. Nimelitafuta, Kiswahili na Kihaya. Neno lenyewe limeshatumika.

Ma Klaudia amesema niache, watu hawa ni wateja wake, yeye watamwambia ukweli. Anapita nyumba kwa nyumba na kibuyu chake. Georgina ndiye amemtuma na kibuyu: anasema alipofundishwa kazi hospitalini aliona wakifanya hivyo, kileo cha kawaida kinakizuia kile kibaya kisifanye kazi upesi, mpaka mgonjwa afike kwa daktari. Kwa hiyo sasa tunaomba enkonyagi kwa kila mtu. Mchana kweupe, balozi akitazama. Balozi mwenyewe amekwenda kuleta ya kwake.

Aristides anapasha injini. Ameniuliza kitu kimoja tu tangu asubuhi, bila kunitazama: amimine ile ya kwenye dumu kwenye chupa ya pampu? Bila hiyo petroli hii haitapanda mlima, na pistoni nyingine hatuna. Nimesema mimina. Nimemshikia faneli.

Naandika hapa barazani kwa sababu nikikaa bure nitalia. Ma Klaudia hajarudi. Georgina anasema dakika tano, kisha tunaondoka na huyu mmoja, gari lirudi kumchukua wa pili — kama atapatikana.

Wanamleta Ta Mushumbusi. Anatembea mwenyewe, amevaa koti la jana la arusi. Amenisalimu vizuri, ameuliza nyumbani kwangu hawajambo. Ameuliza pia ukungu huu umetoka wapi, jua la saa saba. Sasa amesimama kando ya gari, mkono mbele, anatafuta kishikio cha mlango.

Mlango tumeshamfungulia.